Sergei Simonov: Muundaji wa SKS na Hukumu ya Shabaha

Hakuna askari aliyewahi kusimama katika uwanja wa shabaha ambaye hajamsikia mwenzake akiilaumu bunduki yake. Risasi ikienda kushoto, bunduki imepinda. Ikipita juu, bunduki imechakaa. Isipojulikana ilikokwenda, basi bunduki hiyo haifai kitu, na afadhali mwenyewe apewe rungu. Ni mara chache sana mtu huuliza hukumu hiyo imetolewa kwa ushahidi gani, na kama mshitakiwa, yaani bunduki, amepewa nafasi ya kusikilizwa.

Mtu ambaye maisha yake tunayasimulia leo aliishi miaka mingi mbele ya hukumu za namna hiyo. Bunduki zake zilipimwa na tume, zikakataliwa, zikakubaliwa, zikaondolewa, na mwishowe mojawapo ikasambaa duniani hata ikafika katika misitu na mabonde ya Afrika. Jina lake ni Sergei Gavrilovich Simonov, na bunduki hiyo ni SKS, ile bunduki fupi ya risasi kumi inayojipakia yenyewe, ambayo katika nchi ya Tanzania wengi huiita SAR. Herufi mbili za kwanza za SKS husimama badala ya maneno ya Kirusi yenye maana ya bunduki fupi inayojipakia, na herufi ya mwisho ni ya kwanza katika jina la ukoo wake.

UJANA WAKE

Simonov alizaliwa tarehe 4 Oktoba, 1894, katika kijiji cha Fedotovo, jimbo la Vladimir, mashariki ya mji wa Moscow. Wazazi wake walikuwa wakulima, na Urusi ya siku zile ilikuwa bado chini ya mfalme. Mtoto wa mkulima hakutazamiwa kusoma sana, naye Simonov alipata masomo ya miaka michache tu katika shule ya kijijini. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi aliingia katika kazi ya uhunzi.

Kazi ya mhunzi ndiyo iliyokuwa chuo chake. Katika moto na nyundo alijifunza jambo ambalo wahandisi wengi hulipata vitabuni tu: kwamba chuma kina tabia, kwamba kipande kilichopozwa vibaya huvunjika siku kinapohitajiwa, na kwamba kasoro ndogo isiyoonekana kwa macho huweza kuharibu kazi nzima.

Mwaka 1917, mwaka wa mapinduzi, alikwenda katika mji wa Kovrov, ambako kiwanda cha silaha kilikuwa kikijengwa. Hapo aliwakuta mabingwa wawili waliokuja kuwa walimu wake. Wa kwanza alikuwa Vladimir Fyodorov, afisa msomi aliyeunda mojawapo ya bunduki za kwanza duniani za mkononi zenye kufyatua mfululizo. Wa pili alikuwa Vasily Degtyaryov, fundi ambaye naye baadaye alipata sifa kubwa kwa bombomu zake. Simonov alipewa kazi ya kuunganisha na kusawazisha sehemu za bunduki ya Fyodorov. Alianza akiwa fundi wa kawaida, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mafundi wenzake.

HUKUMU YA KWANZA

Mwaka 1926 Simonov alitoa bunduki yake ya kwanza ya kujipakia. Bunduki ya namna hii huchukua sehemu ya gesi ya baruti inayosukuma risasi, ikaitumia gesi hiyo kurudisha komeo nyuma, kutupa ganda, na kuingiza risasi nyingine. Askari hana kazi ya kuvuta komeo kwa mkono. Yeye hulenga na kufyatua tu.

Tume iliyoikagua haikuridhika. Mtambo wa gesi aliuweka upande wa kulia wa mtutu, kwa hiyo uzito wa bunduki ukaelemea upande mmoja. Bunduki iliyoelemea hivyo humchosha mpigaji, na kila inapofyatuliwa huyumba kuelekea kule ilikoelemea. Hukumu hiyo ilikuwa chungu lakini ilikuwa ya haki. Simonov hakununa. Alirudi mezani, akauhamishia mtambo wa gesi juu ya mtutu, katikati, akaendelea kufanya kazi kwa miaka kumi.

Mwaka 1936 jeshi la Kisovieti liliipokea bunduki yake mpya iliyoitwa AVS-36. Ilitumia risasi ile ile kubwa ya bunduki ya Mosin ya mwaka 1891, ilikuwa na magazini ya risasi 15, na iliweza kufyatua moja moja au mfululizo. Lakini hapo palikuwa na mtego. Risasi ilikuwa na nguvu mno kwa bunduki nyepesi ya mkononi. Mpigaji alipofyatua mfululizo, mdomo wa mtutu ulipanda juu, na baada ya risasi ya kwanza zilizofuata zilitawanyika. Aidha mtambo wake ulikuwa na sehemu nyingi na haukupenda uchafu. Waliopimia bunduki hiyo kwa wingi wa risasi zilizotoka waliisifu. Waliohesabu matundu katika shabaha walinyamaza.

SHINDANO LA MWAKA 1938

Mwaka 1938 yalitangazwa mashindano mapya ya bunduki ya kujipakia. Simonov aliingia na bunduki iliyorekebishwa. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Fyodor Tokarev, mzee wa miaka 67, mtu mwenye jina kubwa na aliyefahamika kwa wakuu wa nchi. Majaribio yalipomalizika Tokarev akatangazwa mshindi, na mwanzoni mwa mwaka 1939 bunduki yake ikapokewa jeshini.

Simonov hakukubali kwamba haki ilikuwa imetendeka. Alieleza kwa maandishi kwamba sehemu zilizovunjika katika bunduki yake zilivunjika kwa sababu ya utengenezaji mbaya wa nakala zile, na si kwa kosa la muundo. Tume ya pili iliundwa kuchunguza. Iliona kwamba bunduki ya Simonov ilikuwa nyepesi zaidi na yenye sehemu chache zaidi za kutengeneza. Boris Vannikov, aliyesimamia wizara ya silaha wakati huo, aliitetea. Lakini Stalin aliamua kwamba mjadala ukome na bunduki ya Tokarev itengenezwe kwa wingi. Katika kumbukumbu zake alizoandika baadaye, Vannikov alieleza kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa.

Askari na polisi wana la kujifunza hapa. Tume ya kwanza iliona chuma kilichovunjika ikahukumu muundo mzima. Haikutenganisha maswali mawili: je, kosa ni la bunduki ya aina hii, au ni la bunduki hii moja? Wapo maafisa ambao hadi leo hufanya kosa hilo hilo wanapoona bunduki moja mbovu ghalani, wakatangaza kwamba aina yote haifai.

Simonov angeweza kuvunjika moyo. Badala yake, Ujerumani ilipoishambulia nchi yake mwezi Juni 1941, aliitwa kuunda bunduki ya kupigia vifaru. Kazi hiyo aliimaliza kwa muda mfupi ajabu, na mwezi Agosti mwaka ule ule bunduki yake PTRS, ya milimita 14.5 na yenye kuchukua risasi tano, ilipokewa pamoja na ile ya mwalimu wake wa zamani, Degtyaryov. Ilikuwa bunduki ndefu na nzito, iliyobebwa na watu wawili, na ilisaidia katika miezi ile ambayo vifaru vya adui vilikuwa vikisogea kuelekea Moscow.

KUZALIWA KWA SKS

Mwaka 1943 wataalamu wa Kisovieti walitoa risasi mpya ya milimita 7.62, fupi kuliko ile ya Mosin, yenye ganda la urefu wa milimita 39. Vita vilikuwa vimeonyesha kwamba askari wa miguu hupigana mara nyingi katika umbali usiozidi mita 400. Nguvu ya kufika mbali zaidi ya hapo ilikuwa mzigo begani na teke kwenye shavu. Risasi ile fupi ndiyo dawa aliyokuwa akiihitaji Simonov tangu siku za AVS.

Alichukua maarifa ya bunduki yake ya vifaru, akayapunguza yatoshee silaha ya mkononi. Bunduki iliyotokea ilikuwa na urefu wa mita moja na sentimita mbili, mtutu wa sentimita 52, na uzito wa chini ya kilo 4 bila risasi. Magazini yake ilijengewa ndani, ikipakiwa risasi kumi kwa mkanda wa chuma kutoka juu. Singe ilikunjwa chini ya mtutu, isipotee wala kusahauliwa. Na kufyatua mfululizo, kule kulikomwaibisha zamani, alikuacha kabisa. Kila kuvuta kifyatulio mara moja, risasi moja.

Nakala za kwanza zilipelekwa mstari wa mbele kabla vita havijakwisha, kwa askari waliokuwa wakisonga kuelekea Ujerumani. Safari hii tume haikuwa ya watu waliokaa mezani. Ilikuwa ya wapiganaji wenye matope mikononi. Waliisifu kwa wepesi wake, lakini walilalamika kwamba haikuvumilia uchafu na kwamba maganda yalikuwa mazito kutoka. Simonov alisikiliza, akarekebisha. Mwaka 1949 SKS ilipokewa rasmi, mwaka ule ule ilipopokewa bunduki ya Kalashnikov, na mwaka 1954 Simonov akapewa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Ujamaa.

JINSI SHABAHA YA BUNDUKI INAVYOHUKUMIWA

Pamoja na bunduki hiyo, jeshi la Kisovieti lilitoa kanuni ya kuipima. Kanuni hiyo ni fupi, lakini mtu akiitazama vizuri ataona kwamba ni kama sheria ya mahakama, na kila hatua imewekwa ili kumwondoa shahidi wa uongo.

Kwanza, bunduki hukaguliwa kabla ya kufyatuliwa. Mtutu uwe safi na mkavu, kilengeo cha mbele kisiwe kimepinda wala kulegea, na sehemu za chuma zikae imara katika ubao wake. Risasi zote ziwe za toleo moja, kwa maana risasi za viwanda mbalimbali hazina nguvu sawa, na mtu akizichanganya hataweza kujua anapima nini. Singe nayo iachwe katika hali moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ikikunjuliwa uzito ulioko mdomoni mwa mtutu hubadilika, na risasi huweza kuhama.

Pili, anayepiga si mwenye bunduki bali ni mpiga shabaha hodari aliyechaguliwa, na mwenye bunduki husimama akishuhudia. Busara yake ni dhahiri. Mkono wa mpigaji ukiwa hauna shaka, lawama iliyobaki ni ya bunduki peke yake.

Tatu, mpigaji hulala, bunduki ikiwa juu ya egemeo, shabaha ikiwa mita 100, kilengeo cha nyuma kikiwa katika alama ya 3. Hufyatua risasi nne, moja moja, kwa utulivu, akilenga mahali pale pale kila mara bila kujirekebisha njiani. Asiyeweza kujizuia kurekebisha baada ya risasi ya kwanza hapimi bunduki, anaificha.

Nne, matundu yote manne, au matatu ikiwa moja limeruka mbali, lazima yaingie katika duara yenye upana wa sentimita 15. Hilo ndilo swali la kwanza: je, bunduki inakusanya? Isipokusanya, jaribio hurudiwa, na ikishindwa tena bunduki hupelekwa karakana. Hakuna faida ya kugusa vilengeo vya bunduki isiyokusanya.

Tano, ikiwa imekusanya, hutafutwa kitovu cha matundu. Unganisha matundu mawili kwa mstari, uugawe katikati. Kutoka hapo chora mstari hadi tundu la tatu, uugawe mara tatu, uchukue alama iliyo karibu na yale mawili ya kwanza. Kutoka alama hiyo chora mstari hadi tundu la nne, uugawe mara nne, uchukue alama iliyo karibu na yale matatu. Hapo ndipo kitovu. Kisizidi sentimita 5 kutoka mahali palipowekwa na kanuni. Hilo ni swali la pili: je, bunduki inapiga pale inapolengwa?

Maswali haya mawili hayafanani, na kuyachanganya ndiko kunakoleta ugomvi mwingi uwanjani. Bunduki inayokusanya matundu yake manne sentimita 20 kushoto si mbovu. Ni bunduki njema yenye kilengeo kilichohama, na dawa yake ni dakika chache. Kilengeo cha mbele husogezwa kule kule risasi zilikopotelea: zikienda kushoto, nacho kisogezwe kushoto, zikienda chini, kishushwe. Kisogezwe kidogo sana, kwa kuwa katika SKS milimita moja mbele ya jicho ni kiasi cha sentimita 20 katika shabaha ya mita 100. Kinyume chake, bunduki iliyotoboa katikati kwa risasi moja na kutawanya nyingine tatu haistahili sifa. Tundu lile la katikati ni bahati tu, na bahati haiandikwi katika kitabu cha ghala.

Duara ya sentimita 15 yaweza kuonekana kubwa kwa mtu aliyezoea mashindano ya shabaha. Lakini ikumbukwe kwamba SKS haikuundwa kwa ajili ya vikombe. Mtawanyiko wa sentimita 15 katika mita 100 huwa karibu sentimita 45 katika mita 300, nao ni upana wa kifua cha mtu. Bunduki inayofaulu jaribio hili kwa shida bado inaweza kazi iliyokusudiwa, na nyingi hufaulu kwa urahisi. Silaha huhukumiwa kwa kazi yake.

BUNDUKI YASAFIRI

Katika jeshi la Kisovieti SKS haikukaa mbele kwa muda mrefu. Kalashnikov ilikuwa fupi zaidi, ilichukua risasi 30, na iliweza kufyatua mfululizo. Simonov akaona silaha ya mtu mdogo kwake kwa miaka ishirini na mitano ikiipita ya kwake. Utengenezaji wake Urusi ulikoma katikati ya miaka ya 1950.

Hata hivyo, China ilianza kuitengeneza mwaka 1956, na Yugoslavia nayo ikafuata kwa namna yake. Kutoka huko ilienda Vietnam, na ikafika Afrika. Wapigania uhuru wa FRELIMO, waliopata mafunzo katika kambi za Kongwa na Nachingwea nchini Tanzania, waliibeba katika vita vyao dhidi ya Wareno kuanzia mwaka 1964 hadi 1974. Katika mikono ya kuruti aliyekuwa na risasi chache, bunduki ya kufyatua moja moja ilikuwa mwalimu mzuri. Ilimzoeza kulenga kabla ya kufyatua.

Bunduki hizo zinazeeka sasa, na wengi wanaozihukumu hawajui historia yake. Mitutu ya Kirusi iliyowekwa kromu ndani hustahimili kutu kuliko ile ya Yugoslavia isiyokuwa nayo. Risasi nyingi za zamani zina fataki iachayo chumvi mtutuni, na mtutu usiposafishwa siku ile ile baada ya kupiga huliwa polepole kwa miaka. Bunduki ya namna hiyo ikitawanya risasi, lawama si ya Simonov. Ni ya mkono uliopita bila kitambaa na mafuta.

MWISHO WAKE

Simonov aliendelea kubuni silaha kwa miaka mingi baada ya SKS, na nyingi kati ya hizo hazikupokewa. Alifariki tarehe 6 Mei, 1986, mjini Moscow, akiwa na umri wa miaka 91. Alikuwa ameishi chini ya mfalme, mapinduzi na vita viwili vikubwa vya dunia. Kijana wa uhunzi aliyesoma miaka michache tu alikuwa ameacha bunduki iliyotengenezwa katika mabara mawili na kubebwa hata nje ya mabara hayo.

Katika maisha yake alihukumiwa kwa haki mwaka 1926 akajifunza, akahukumiwa kwa haraka mwaka 1938 akastahimili, na akahukumiwa na askari waliokuwa vitani akarekebisha. Tofauti ya hukumu hizo tatu haikuwa katika ukali wake. Ilikuwa katika ushahidi.

Kwa askari, jambo hili ni la uhai wake na wa mwenzake aliye ubavuni. Kwa polisi ni zito zaidi, maana yeye hufanya kazi mahali penye soko, shule na vituo vya mabasi. Risasi iliyomkosa mhalifu haipotei hewani. Huenda mpaka impate mtu au ukuta. Anayechukua bunduki asiyoipima, akajiambia kwamba inatosha kwa sababu jana ilipiga kopo, amekwisha kuamua kwa niaba ya wapita njia bila kuwauliza.

Kwa hiyo, ndugu askari, kabla ya kuilaumu bunduki yako, na kabla ya kuiamini, ipe mita 100, egemeo imara, risasi nne za toleo moja, na mpigaji asiye na haraka. Kisha nenda ukayahesabu matundu.